Maswali ya Wasomaji: Amesahau, au Hakushika Tangu Mwanzo?

Barua nyingi safari hii zinalalamikia mtoto msahaulifu. Neno hilo moja linabeba mambo matatu ambayo dawa zake hazifanani: huenda jambo halikuingia kichwani, huenda liliingia likapotea, au limo, ila mtoto hapati pa kulivutia. Tumejibu kila barua kwa kutafuta kwanza kasoro iko wapi kati ya hayo matatu.

Mwanangu ana miaka mitano. Nikimwambia, "Nenda chumbani, vua viatu, weka begi mezani, uniletee daftari," anavua viatu, kisha namkuta anacheza. Anasema amesahau. Namkemea, kesho yale yale. Ni kiburi au ana kasoro ya kumbukumbu?
*Mama Mwenye Wasiwasi*

Mama, hebu yahesabu maagizo yako. Ni manne, na kwa umri wake hayo ni mzigo uliojaa.

Kuna kumbukumbu inayoshikilia mambo kwa sekunde chache wakati tunayafanyia kazi. Wataalamu huiita kumbukumbu tendaji, na nafasi yake ni ndogo kwa kila mtu. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba mtu mzima hushika vipande 7 hivi, zaidi au pungufu kwa 2. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo na kupanga vitu kwa mafungu, hubakiwa na kama 4 tu. Huyo ni mtu mzima. Ukimsomea tarakimu mtoto wa miaka 5, kwa kawaida atarudisha 4, wa miaka 7 atarudisha 5, na wa miaka 9 atarudisha 6. Tena tarakimu ni nyepesi kuliko agizo, kwa sababu agizo linamtaka atende moja huku akishikilia mengine matatu.

Kuna na jambo la pili. Wewe ukitumwa vitu vinne, unavitaja kimoyomoyo njiani mpaka ufike. Mtoto wako bado hana mazoea hayo. Mwaka 1966 John Flavell na wenzake waliwaonyesha watoto picha, wakazigusa chache kwa mpangilio, kisha wakawafunika macho kwa sekunde 15 kabla ya kuwaambia wazionyeshe kwa mpangilio uleule. Muda wote huo mtu aliyefunzwa kusoma midomo aliwatazama vinywa. Kati ya watoto 20 wa miaka mitano, 2 tu walionekana wakitaja majina ya picha. Kati ya 20 wa miaka kumi, walikuwa 17. Kisichorudiwa hakikai: mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa wanafunzi wa chuo herufi tatu tu, wakawahesabisha kinyumenyume kwa kuruka tatu tatu, na kufikia sekunde ya 18 herufi nyingi zilikuwa zimeyeyuka. Ikiwa hao walishindwa na herufi tatu, mtoto anayevua kiatu chenye kamba ngumu ana udhuru.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite jina, subiri akutazame, ndipo useme. Mpe mawili tu, kwa mpangilio wa kutendwa. "Kabla hujaweka begi, vua viatu" inamlazimu kugeuza sentensi kichwani, na kugeuza kunakula nafasi ileile. Mwambie arudie kwa kinywa chake kabla hajaondoka. Akimaliza, mpe mawili mengine. Yale ya kila siku yaende kwa mfuatano uleule, bila kubadilisha hata neno, na baada ya wiki kadhaa yataungana yawe jambo moja linaloitwa "nikirudi nyumbani". Kumkemea hakusaidii kwa sababu ya kawaida kabisa: mtoto aliyeingiwa na hofu anaishikilia hofu yake, na begi linadondoka.

Ukitaka kupima mwenyewe, andika mistari ya tarakimu zisizofuatana, miwili ya tarakimu mbili, miwili ya tatu, na kuendelea. Soma tarakimu moja kwa sekunde, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Akikosa mistari yote miwili ya urefu mmoja, simama; urefu wa juu aliouweza hata mara moja ndio kipimo chake. Wengi huharibu kwa kusoma mbili mbili kama wanavyotaja namba ya simu, maana hapo wanakuwa wamempangia mafungu. Usipime mtoto akiwa na usingizi wala redio ikiwa inalia, na usihangaike kwa tofauti ya tarakimu moja.

Mpeleke kwa mtaalamu ikiwa hata agizo moja halifuati (masikio yapimwe kwanza), ikiwa amepoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao, ikiwa anaduwaa kwa sekunde kadhaa na haitiki anapoitwa, au ikiwa mabadiliko yamekuja baada ya kugonga kichwa. Kwa la mwisho usingoje.

Binti yangu yuko darasa la nne. Jioni anasoma ukurasa mara tatu au nne, nikimuuliza papo hapo anajibu vizuri. Ukija mtihani, hana kitu. Anapotezea wapi?
*Baba wa Binti*

Unamuuliza mapema mno, na kipimo chako kinaisifu njia mbovu.

Hermann Ebbinghaus, katika kazi aliyoichapisha Ujerumani mwaka 1885, alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi anaokoa akijifunza upya orodha ileile. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja ilikuwa 44, baada ya siku moja 34, na baada ya siku 31 bado alikuwa na 21. Hasara kubwa ni ya siku ya kwanza, kisha mteremko unalegea. Somo lenye maana halipotei kwa kasi ya silabi tupu, lakini mteremko wake una umbo hilohilo.

Sasa tazama kinachomtokea binti yako. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, wakakiweka kando, wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki, waliorudia kusoma walibaki na 42 na waliojipima walikuwa na 56. Kurudia kusoma kunayafanya maneno yazoeleke machoni, na mtoto huyachukulia mazoea hayo kuwa ni kujua. Kulitafuta jibu kichwani bila kitabu ndiko kunakoimarisha njia ya kulirudia tena.

Asome mara moja, kwa utulivu. Afunge kitabu. Kwa dakika 5 aandike au aseme kila alichokishika, hata kwa mpangilio uliovurugika. Afungue, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Hatua hii ya kusahihisha ndiyo watoto wanayoiruka, na kosa lisilosahihishwa hukaririwa kama ukweli. Kesho yake, kabla ya somo jipya, aanze na maswali ya jana. Arudie siku ya tatu au ya nne, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili, dakika 5 hadi 10 kila mara. Siku zenyewe si amri. La msingi ni kwamba mwanya uendelee kupanuka. Akikosa zaidi ya nusu, mwanya umekuwa mrefu, ufupishe. Akipata yote bila kufikiri, urefushe, maana pasipo juhudi ya kukumbuka hakuna faida kubwa.

Na wewe, Baba, usimwanzishie jibu. Mzazi akisema "inaitwa usani..." na mtoto akamalizia "...nisinuru", aliyekumbuka ni mzazi. Mpe sekunde kumi za kimya, kisha dokezo la maana ("ni kazi inayofanywa na majani"), na silabi iwe ya mwisho kabisa.

Mwisho, alale. Tangu jaribio la John Jenkins na Karl Dallenbach la mwaka 1924 imejulikana kwamba mtu anayelala baada ya kujifunza hukumbuka zaidi kuliko anayekesha kwa muda uleule. Saa ya ziada ya kusoma iliyoibwa kutoka usingizini ni hasara mara mbili.

Kwa nini mtoto aliyeacha baiskeli mwaka mzima anaipanda na kwenda, lakini shairi la mwaka jana limefutika?
*Msomaji wa Siku Nyingi*

Kwa sababu vimehifadhiwa sehemu tofauti. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani aliyesumbuliwa na kifafa, alipasuliwa na kuondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza matukio mapya. Tangu hapo hakuweza kutunza tukio jipya zaidi ya muda mfupi tu. Lakini Brenda Milner alipompa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, alipunguza makosa siku hadi siku, ingawa kila siku alidai hajawahi kuiona kazi hiyo. Ujuzi wa mwili hujengwa na sehemu nyingine za ubongo, na hujengwa kwa kutenda. Ndiyo maana maelezo marefu ya kufunga kamba za viatu hayamsaidii mtoto: simama nyuma yake, shika mikono yake, mfunge pamoja.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu mdogo wake alipozaliwa. Kwa miezi mingi alikuwa akisimulia siku ile, nani alikuja, alivaa nini. Sasa ana miaka tisa na anasema hakumbuki hata kidogo. Inawezekanaje?
*Baba Fulani*

Inawezekana, na ndiyo kawaida. Watu wazima wengi, ukiwauliza kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, hutaja jambo la umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Yaliyotangulia ni giza. Zamani ilidhaniwa kwamba watoto wadogo hawahifadhi chochote. Si kweli, na barua yako ni ushahidi. Patricia Bauer na Marina Larkina, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao juu ya matukio, kisha wakawauliza tena miaka ilipopita. Wenye miaka 5 hadi 7 walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio hayo. Wenye miaka 8 na 9 walikumbuka kama asilimia 35. Yaani usahaulifu huu hutokea utotoni mwenyewe, karibu na umri wa miaka saba, na mwanao ameshauvuka mstari.

Hata mtoto mchanga anashika. Carolyn Rovee-Collier alifunga utepe kutoka kifundo cha mguu wa mtoto hadi kwenye vitu vya kuchezea vilivyoning'inia juu ya kitanda, na mtoto akagundua kwamba akirusha mguu vinacheza. Wa miezi miwili walikumbuka kwa siku moja au mbili, wa miezi mitatu kwa wiki hivi, wa miezi sita kwa wiki mbili. Kilichosahaulika kiliweza pia kufufuliwa: wa miezi mitatu akionyeshwa vitu hivyo vikicheza kwa dakika chache tu, kesho yake alirusha mguu hata kama wiki mbili zilikuwa zimepita.

Mbona basi havidumu? Hipokampasi bado inajengwa. Mtoto hajajitambua vizuri kuwa yeye ni "mimi" mwenye historia. Kujitambua kwenye kioo huja karibu na miezi 18 hadi 24. Halafu kuna lugha, na hapa pana jaribio tunalolipenda. Mwaka 2002 Gabrielle Simcock na Harlene Hayne walichapisha matokeo ya watoto wa miaka miwili hadi mitatu waliochezea mashine ya kimaajabu: unaweka kitu kikubwa, unavuta mkono wa mashine, kinatoka kidogo. Baada ya miezi 6 au 12 watoto waliitambua mashine, waliweza kuichezea, na sasa walikuwa na maneno mengi ya kuieleza. Lakini katika masimulizi yao hawakutumia hata neno moja ambalo hawakulijua siku ile. Kumbukumbu isiyovikwa maneno tangu mwanzo ni vigumu kuvikwa baadaye.

Kwa hiyo, kwa huyo mdogo wake, zungumzeni mapema na mara kwa mara. Acha kuuliza "unakumbuka?" ambalo hujibiwa "ndiyo" na kufa. Uliza "nani alikuwepo?", "ilikuwaje mpaka ukalia?", na akijibu neno moja, lipanue: "Naam, shangazi alikuja, akakubeba begani, ukaona nini kutoka huko juu?" Picha zinasaidia, ila mtoto akizoea kuiangalia picha anaweza kuikumbuka picha badala ya siku yenyewe. Mwulize na yasiyoonekana pichani.

Mtoto wangu wa miezi minane alikuwa anabebwa na yeyote. Sasa nikitoka chumbani tu, kilio. Tumemdekeza?
*Mama Kijana*

Hapana. Amekua. Sasa anakushikilia akilini usipoonekana, na anajua unayekosekana ni wewe. Jean Piaget aliweka karibu na miezi minane umri wa mtoto kuanza kutafuta kitu kilichofichwa. Renée Baillargeon na wenzake mwaka 1985 walionyesha kwamba fununu ya jambo hilo ipo hata kwenye miezi mitano: watoto walikodolea macho kwa muda mrefu zaidi kibao kilichoonekana kupita mahali palipokuwa na sanduku lililofichwa nyuma yake, kana kwamba sanduku halipo.

Unaweza kuona akili hiyo ikijengwa. Ficha kitu chini ya kitambaa cha kushoto, aking'oe, mara mbili tatu. Kisha, akiona waziwazi, kifiche chini ya cha kulia. Ukimchelewesha sekunde mbili hivi, huenda akaenda kushoto. Akikaribia mwaka, utahitaji kumchelewesha sekunde kumi ndipo akosee.

Kuhusu kilio: usitoroke kwa kunyata, maana unamfundisha kwamba unaweza kutoweka wakati wowote. Aga kwa maneno yaleyale, ondoka, rudi baada ya dakika mbili, kisha tano, kisha kumi.

Najiandaa kwa mtihani wa ualimu. Tunafundishwa hatua nne za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto, lakini mhadhiri mwingine anasema zimepitwa na wakati. Nishike lipi?
*Mwalimu Mtarajiwa*

Shika zote mbili, na ujue mpaka wake. Hatua zenyewe: ya hisi na matendo, kuzaliwa hadi miaka 2; ya kabla ya mantiki, 2 hadi 7; ya mantiki ya vitu halisi, 7 hadi 11; na ya mantiki ya mawazo tupu, 11 na kuendelea. Mfuatano umesimama vizuri. Umri ndio unaoyumba, na mara nyingi unayumba kwa sababu ya namna mtoto anavyoulizwa.

Chukua jaribio la maji. Glasi mbili zinazolingana, maji sawa. Mtoto akubali mwenyewe kuwa ni sawa, ukiiruka hatua hii jaribio limekufa. Mimina moja kwenye glasi nyembamba na ndefu mbele ya macho yake. Uliza: "Sasa yako sawa, au moja ina zaidi?" Wa miaka mitano wengi husema ndefu ina zaidi. Daima uliza na "kwa nini", kwani jibu sahihi la kubahatisha lipo.

Wakosoaji waliona kasoro hapa. Mtoto ameulizwa jambo lilelile mara mbili na mtu mzima. Katika maisha ya mtoto, mtu mzima akirudia swali maana yake jibu la kwanza lilikuwa baya. Susan Rose na Marion Blank mwaka 1974 waliuliza mara moja tu, baada ya mabadiliko, na watoto wa miaka sita walifanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo James McGarrigle na Margaret Donaldson walimtumia mwanasesere dubu "mtundu" aliyevuruga mstari wa vitu kana kwamba ni ajali. Watoto wengi zaidi walisema idadi haikubadilika. Kwenye mtihani, andika hatua na umri wake, kisha andika kasoro hii. Darasani utahitaji zaidi ile ya pili.

Je, michezo ya simu ya kukuza kumbukumbu inafaa?
*Mzazi*

Inamkuza mtoto katika mchezo huo. Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya tafiti nyingi mwaka 2013 wakaona kwamba mafanikio ni ya muda mfupi na hayahamii kwenye kusoma wala hesabu. Kama anaufurahia, acheze. Kama umeununua kwa ajili ya alama za darasani, umepoteza pesa.

Mjukuu wangu wa miaka minne alisema ameumwa na mbwa shuleni. Mwalimu anasema hakuna mbwa aliyeingia. Kila nikimuuliza, mbwa anaongezeka ukubwa. Tumwadhibu kwa uongo?
*Bibi Mlezi*

Shikamoo, Bibi. Msimwadhibu. Kusema uongo kwa kukusudia kunahitaji ajue kwamba wewe unaweza kuamini jambo lisilo kweli, na watoto wengi huanza kulifaulu jaribio la namna hiyo, lililoanzishwa na Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983, karibu na miaka minne. Mjukuu wako yuko mlangoni tu. Zaidi ya hapo, mtoto wa umri huo huchanganya aliloliona, alilosimuliwa na alilolifikiria, kwa sababu asili ya jambo husahaulika kabla ya jambo lenyewe.

Na swali linaweza kuongeza kitu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu wazima filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa kasi ya magari "yalipopondana", wiki moja baadaye, asilimia 32 walisema waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno "yalipogongana" walikuwa 14. Vioo vilivyovunjika havikuwemo. Ukimuuliza mtoto "Mbwa alikuwa mkubwa?", umekwisha kumpa ukubwa, na ukirudia, umemwambia jibu la kwanza halikutosha.

Muulize mara moja, mapema, mahali patulivu. Anza na "Niambie yote yaliyotokea leo tangu mlipofika." Nyamaza sekunde kumi, hata kama zinauma. Endelea na "Kisha ikawaje?" tu. Mwambie wazi kwamba "sijui" ni jibu zuri. Usitaje mtu, kitu wala mahali ambapo yeye hajapataja. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na swali lako.

Lakini mtoto akisema ameumizwa, mwili hukaguliwa kwanza, mjadala wa ukweli hufuata. Tazama miguu, mikono na mgongo. Ukiona alama ya meno au mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, hata kama shule nzima inasema mbwa hakuwepo. Ukikuta alama usizozielewa, usimhoji zaidi. Peleka habari kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto, wamwulize wao.